Hivi mtu-mjusi asiye na lipsi anasemaje "baba"?

Juzi mtoto wa dada yangu kanipiga swali nikakosa jibu. Tulikuwa tunaangalia katuni moja hivi, ndani kuna mtu-mjusi, mtu-ndege na jitu kubwa kama nyumba, wote wanapiga stori kwa lugha moja freshi tu, akanigeukia, anko, huyu mjusi mbona hana lipsi na anaita "baba"? Nikamwambia hiyo ni katuni bwana. Akaniangalia vile watoto wanavyokuangalia wakijua unakwepa.

Basi usiku nikasimama mbele ya kioo nikajaribu. Na wewe jaribu kama uko peke yako: vuta lipsi zako kwa vidole zisigusane kabisa, alafu sema "baba mpe mbuzi maji". Mimi ilitoka "dada nte nduzi naji". Ukisema "mimi" inatoka "nini". Yaani b, p na m zinataka lipsi zifungane, ukizinyima, ulimi unatafuta pa kuziba pa karibu ambapo ni nyuma ya meno, ndo b inakuwa d na m inakuwa n. Kwahiyo mjusi wetu akiongea Kiswahili anamwita mzee wake dada.

Ila nani kasema lugha lazima iwe na hizo herufi? Waoneida wa Amerika Kaskazini lugha yao ya asili haina p, b wala m, na wanasali, wanatania, wanagombana kama kawaida. Lugha ya pamoja ya viumbe wa kila aina ingeishia hukohuko, kila mtu anaacha sauti zinazomshinda mwenzake.

Au mjusi adanganye sikio, kama kasuku. Hawa kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda hawana lipsi, wana mdomo mgumu kama kucha, na sauti yao haitoki kooni kama yetu, inatoka chini huko kifuani pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda kwenye mapafu. Lakini mmoja anaitwa Alex, aliyefundishwa Marekani na mwanasayansi Irene Pepperberg mpaka alipokufa 2007, alikuwa na maneno kama mia, na p zake ukizisikia unaelewa. Kuna pia tembo wa Korea Kusini anaitwa Koshik, yeye anaingiza mkonga mdomoni anabadilisha umbo la ndani, afu anatoa maneno matano ya Kikorea, mojawapo ni "annyong", yaani hujambo. Watafiti walimwandika 2012. Nani angefikiria mkonga!

Sababu ya haya yote kuwezekana ni hii: usemi una vipande viwili, kuna mngurumo wa kooni na kuna umbo la mdomo linalouchonga. Weka kidole kooni useme "aaa", utasikia panatetemeka. Sasa nong'ona maneno yaleyale, hapatetemeki kitu ila mtu bado anakuelewa. Hata mtu aliyetolewa koo la sauti kwa sababu ya kansa anabandika kamashine shingoni kananguruma badala yake na mazungumzo yanaendelea. Kwahiyo joka linalofoka tu kama nyoka linaweza kuongea vizuri, mradi ulimi na taya vichonge huo upepo.

Na hapa ndo mimi mwenyewe nilishangaa. Mdomo siyo tatizo kubwa, tatizo ni ubongo. Sokwe anaitwa Viki alilelewa nyumbani na wazungu wawili huko Marekani miaka ya 1940 mwishoni, kama mtoto wao kabisa, wakawa hadi wanamshika lipsi kumsaidia, akaambulia maneno matatu manne, "mama" likiwemo. Mwaka 2016 watafiti wakampiga tumbili aina ya makaki eksirei akiwa anatafuna na kulia, wakakuta mdomo wake unaweza kuchonga irabu za kutosha kuongea. Chombo kipo, dereva hayupo.

Ukubwa nao una vituko vyake. Njia ya sauti ya mwanaume mzima ni kama sentimita 17 toka kooni hadi kwenye lipsi. Jitu mara tatu yake, sauti inashuka mara tatu, ila sikio letu limezoea, mbona "i" ya mtoto na "i" ya babu tunazijua zote. Shida ni kibwengo wa kimo cha kalamu, yeye mwangwi wa mdomo wake unaanzia juu ya hertz 5,000, yaani mitetemo elfu tano kwa sekunde, na simu za zamani za mezani zinapitisha kama 300 mpaka 3,400 tu. Ukimpigia husikii neno.

Nikamweleza dogo yote haya, akafikiri kidogo, akauliza, sasa mjusi kama baba anamwita dada, dada yake mwenyewe anamwitaje? Nikamwambia dada vilevile, watajua kwa mazungumzo, kama sisi na kaa. Kaa chini, kaa wa baharini, kaa la moto, na sijasikia mtu aliyekalia moto kwa kukosea neno.