“Fundi, hii ina nguvu kuliko PS5”: tunavyojidanganya kuhusu kampuni mpya za mashine za gemu

Kampuni mpya ikitangaza tu kwamba inaingia kwenye biashara ya mashine za gemu, najua nitasikia nini mezani kwangu wiki hiyo. Mteja ataweka PS4 yake iliyogoma kuwaka, atatoa simu, atanionyesha picha ya mashine ambayo haijatoka hata kiwandani, kisha atasema: “Fundi, hii ina nguvu kuliko PS5. Sony wamekwisha. Niuze hii yangu niisubiri?”

Wiki iliyopita nimeulizwa hivyo mara tatu. Wa tatu alikuwa ameshapata mnunuzi wa mashine yake, padi mbili na diski kumi na moja, kwa bei ya kutupa. Nimechoka kulijibu swali hili mtu mmoja mmoja huku nimeshika pasi ya kulehemu, kwa hiyo naliandika.

Tuanze na hilo la nguvu, maana ndilo linalowapotezea watu hela. Mwaka 1989 Nintendo walitoa Game Boy. Skrini yake ilikuwa ndogo, haina rangi, na gizani huoni kitu. Mwaka huohuo Atari wakatoa Lynx yenye rangi na taa ndani ya skrini, kisha Sega wakaja na Game Gear, nayo ya rangi. Kwa vipimo vya wateja wangu, Game Boy ilipaswa kufa palepale. Lakini Game Gear ilimeza betri sita kwa saa chache tu, wakati Game Boy ilikwenda na betri nne kwa muda mrefu zaidi, na Marekani na Ulaya mnunuzi aliikuta Tetris ndani ya boksi. Game Boy na mdogo wake Game Boy Color ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Lynx leo utaikuta kwa wakusanyaji wa vitu vya kale.

Mwaka 1993 Atari walijaribu tena na Jaguar. Matangazo yao yote yalikuwa namba: biti 64, wengine wana 16, piga hesabu mwenyewe. Watu wakapiga hesabu ya gemu zilizopo madukani, wakaondoka. Hazikuuzwa hata robo milioni.

Sasa njoo kwa Microsoft, kwa sababu hao ndio mfano unaotajwa sana. Tarehe 15 Novemba 2001 waliingiza Xbox sokoni Marekani kwa dola 299. Ndani ilikuwa na prosesa ya Intel ya megahezi 733, memori ya MB 64 na diski kuu ya GB 8, jambo ambalo mashine za gemu za wakati huo hazikuwa nalo. PS2 ilikuwa na megahezi 294 na memori ya MB 32. Ukiziweka mezani ukazifungua, kama ninavyofanya mimi, huhitaji shule kujua ipi ina misuli. Na matokeo? Xbox iliuzwa takriban milioni 24. PS2 ilipita milioni 155, na mpaka leo hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyouzwa kuizidi.

Kuna wateja hapa hunikatiza: “Lakini PS2 ilitangulia.” Kweli, ilitoka Japani Machi 2000. Ilikuwa pia inacheza diski za DVD enzi ambazo deki ya DVD peke yake ilikuwa na bei yake, na gemu za PlayStation ya kwanza zilipanda humo bila shida. Lakini hebu jisikilize. Kutangulia, DVD, gemu za zamani: yote uliyoyataja ni sababu za ushindi, na nguvu haimo hata moja.

Wii ya mwaka 2006 ilikuwa dhaifu mno mbele ya PS3 na Xbox 360. Iliuzwa zaidi ya milioni 101 na kuziacha zote mbili. Ukitaka ya juzi, Novemba 2020 Xbox Series X ilitoka na teraflopu 12 (kipimo cha kasi ya mashine kupiga mahesabu), PS5 ikatoka na teraflopu 10 na ushee. Vijana walizikariri namba hizo kama jedwali la kuzidisha. PS5 ndiyo iliyouza, tena kwa mbali, na Microsoft wenyewe waliacha kutangaza idadi ya mashine wanazouza tangu 2015.

Kinachoamua ni hiki. Gemu kubwa huchukua miaka kadhaa kutengenezwa na hugharimu fedha nyingi. Mwenye studio kabla hajaweka hela yake huuliza jambo moja: mashine hii iko majumbani mwa watu wangapi? Mnunuzi naye huuliza: ina gemu zipi? Kampuni mpya siku ya kwanza haina cha kumjibu yeyote kati yao. Haina watu, kwa hiyo haina gemu. Haina gemu, kwa hiyo haina watu. Prosesa iwe kubwa namna gani, shimo hilo haiwezi kulifukia.

Wanaolifukia hufanya kazi ya kuchosha miaka kabla ya uzinduzi. Sony mwaka 1991 walikuwa hawajawahi kuuza mashine yao wenyewe ya gemu. Mwezi wa Juni, kwenye maonyesho ya Chicago, walitangaza mashine ya pamoja na Nintendo. Kesho yake Nintendo wakatangaza kwamba wanakwenda na Philips. Ken Kutaragi, mhandisi aliyeusimamia mradi, aliendelea nao ndani ya Sony hadi PlayStation ikatoka Japani tarehe 3 Desemba 1994. Katikati hapo Sony walikuwa wakihangaikia gemu. Namco waliwaletea Ridge Racer, mbio za magari ambazo watu walizijua tayari kwenye mashine za sarafu. Mwaka 1993 waliinunua studio ya Psygnosis ya Uingereza. Waliwarahisishia watengenezaji zana za kazi. Na walitumia diski ya CD, ambayo kuchapisha kwake kuligharimu kidogo kuliko kaseti za Nintendo na kulichukua siku badala ya wiki nyingi. Studio ndogo ambayo ilikuwa ikiogopa kuagiza kaseti nyingi zikabaki ghalani sasa iliweza kuagiza kidogo, ikaona soko, ikaagiza tena. Ndiyo maana watengenezaji gemu Square, waliokaa na Nintendo miaka yote, walihama, na Final Fantasy VII ikatoka kwenye PlayStation mwaka 1997 ikiwa na diski tatu. Gemu hiyo isingetosha kwenye kaseti ya Nintendo 64.

Microsoft nao kilichowaokoa ni Halo. Walinunua studio ya Bungie mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya mashine kutoka, na gemu hiyo ikawa sokoni siku ileile ya Xbox. Mwaka uliofuata, Novemba, wakafungua Xbox Live, huduma ya kucheza na wenzako kwa intaneti, na tundu la waya wa intaneti lilikuwepo kwenye kila Xbox tangu mwanzo. Watu walinunua Xbox kucheza Halo na wenzao, siyo kuzitazama megahezi.

Ushauri wangu ninaompa kila mteja, na ambao wengi huupuuza, ni huu: chukua kalamu, andika majina ya gemu unazotaka kucheza ndani ya miezi kumi na miwili ijayo. Majina kamili, siyo “gemu kali”. Kisha tafuta kila jina linapatikana kwenye mashine gani. Gemu ambayo haijapangiwa tarehe ya kutoka usiiandike.

Dhana nyingine nitazipitia haraka.

“Wana hela, watashinda tu.” Apple walishirikiana na Bandai mwaka 1996 kutoa mashine ya gemu iitwayo Pippin. Ziliuzwa takriban 42,000, idadi isiyoweza kujaza uwanja wa Benjamin Mkapa. Google walizindua Stadia, huduma ya kucheza gemu kupitia intaneti, Novemba 2019 na kuizima Januari 2023. Hao wote hawakukosa hela. Hela inakununulia muda wa kukosea, na Microsoft waliutumia muda huo: Xbox ya kwanza iliwatia hasara ya mabilioni ya dola, wakajifunza, wakatoa ya pili. Hata hiyo ya pili iliwaumiza. Julai 2007 walitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya Xbox 360 zilizokuwa zikifa na kuwaka taa tatu nyekundu, na wakaongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka mitatu. Kampuni yenye roho nyepesi ingefunga biashara mwezi huohuo.

“Faida iko kwenye mashine.” Mara nyingi haiko huko. Mashine huuzwa kwa faida ndogo, au kwa hasara hasa miaka ya mwanzo, halafu fedha hurudi kupitia ada ambayo mwenye mashine huchukua kwenye kila gemu inayouzwa. Wasioelewa hili waangalie 3DO ya mwaka 1993. Kampuni ya Trip Hawkins ilichora mashine, ikawapa Panasonic na wengine leseni ya kuitengeneza. Ada ya gemu, dola 3 kwa kila moja, ilikwenda kwa 3DO. Panasonic hawakuwa na pa kufidia, ikabidi faida yao waiweke kwenye bei ya mashine. Ikatoka kwa dola 700 kasoro senti. Watengenezaji gemu waliipenda ada hiyo ndogo, lakini wanunuzi waliona bei wakapita. Kwa hiyo ukisikia kampuni mpya inasema itauza mashine ya nguvu kwa bei ya chini, uliza fedha zitarudi wapi. Kama haina duka la gemu lenye watu, hazirudi.

“Ikiwa rahisi kila mtu ataichukua.” Mashine ya gemu iitwayo Ouya iliuzwa dola 99. Mwaka 2012 zaidi ya watu 63,000 waliichangia zaidi ya dola milioni 8.5 kabla haijawepo. Ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa inaendesha Android, na sehemu kubwa ya gemu zake mtu alikuwa nazo kwenye simu. Mwaka 2015 kampuni ya Razer ikainunua biashara hiyo, na Juni 2019 seva zikazimwa. Gemu nyingi zilizotegemea seva kuthibitisha kwamba umelipia ziliacha kufunguka. Hili la seva watu hawalifikirii kabisa. Diski ya PS2 ya mwaka 2002 bado nailaza kwenye lenzi na inasoma.

“Mashine zimepitwa na wakati, sasa kila kitu kinakuja kwa intaneti.” Stadia ilikuwa ndiyo hiyo hasa. Kwa ubora wa juu kabisa ilikula hadi GB 20 kwa saa moja. Wewe unayekopa bando ili kumaliza mechi moja, jipigie hesabu. Nasi hatukuwemo hata kwenye nchi ilizofunguliwa. Google walifunga studio zao wenyewe za kutengeneza gemu Februari 2021, chini ya miaka miwili tangu wazitangaze, na hapo ndipo mimi nilipojua mwisho wake. Walau waliwarudishia wanunuzi fedha za vifaa na za gemu walizonunua kwenye duka lao, na hilo ni haki kulisema.

Halafu kuna wanaoruka upande wa pili: “Hakuna mgeni anayeweza kuingia tena.” Nao wanakosea. Nintendo walianza Kyoto mwaka 1889 wakitengeneza karata. Sony walikuwa watu wa redio na televisheni. Na wa karibuni ni Valve, wenye duka la mtandaoni la gemu za kompyuta liitwalo Steam, ambao binafsi nawaheshimu sana. Novemba 2015 mashine zao za kwanza, zilizotengenezwa na kampuni mbalimbali, zilishindwa, kwa sababu zilitumia mfumo wa Linux na gemu nyingi zilikuwa za Windows. Hawakukimbilia prosesa kubwa zaidi. Walirudi kwenye tatizo la gemu, mwaka 2018 wakatoa Proton, programu inayoziwezesha gemu za Windows kuendeshwa kwenye Linux. Steam Deck ilipotoka Februari 2022, mnunuzi aliingia kwenye akaunti yake ya Steam akakuta gemu alizokuwa amenunua miaka kumi iliyopita zinamsubiri. Tena walikubaliana na iFixit, kampuni ya vipuri na maelekezo ya ufundi, wauze vipuri vyake. Kwangu mimi fundi hilo ni kubwa, maana mashine ya kampuni mpya ikiharibika, kazi ngumu kuliko kuitengeneza ni kupata kipuri. Usinunue mashine ambayo padi yake huwezi kuipata mjini.

Yule mteja wa tatu nilimpa karatasi na kalamu palepale mezani. Alifikiri sana, akaandika gemu nne. Zote nne zimo kwenye PS4 anayotaka kuiuza, na mbili kati ya hizo tayari anazo kati ya zile diski kumi na moja. Nilimfungulia mashine, nikatoa vumbi kwenye feni, nikapaka upya dawa ya kupozea prosesa. Ikawaka. Alimpigia mnunuzi simu akiwa bado amesimama mlangoni kwangu.