Jua kali asubuhi, radi jioni: tunayoamini vibaya kuhusu mvua ya huku kwetu

Kila mwaka ikifika Julai na Agosti nasikia watu hapa Kisumu wakisema "saa hii ni msimu wa baridi, mvua imeisha". Hiyo habari ni ya Nairobi jamani. Kule Juni mpaka Agosti ni mawingu, kibaridi na manyunyu tu, na kwa vile hali ya anga kwenye TV inaanzia kule tumeichukua kama yetu. Huku magharibi kuna upepo wenye unyevu unaoingia kutoka upande wa Kongo miezi hiyo, ndiyo maana Kitale na Eldoret Agosti ni kati ya miezi ya mvua nyingi wakati Nairobi ni pakavu. Sasa wewe anika mahindi kwenye turubai uende sokoni ukiamini kalenda ya mtu mwingine, utarudi uyakute yanaelea.

Ingine inayoniuma sana ni hii ya "leo kumekucha na jua, hakuna mvua". Huku kwetu jua la asubuhi ndilo linalopika mvua ya jioni. Nchi kavu inapata joto haraka kuliko Ziwa Victoria, hewa ya juu ya nchi inapanda, na upepo wa ziwa unaingia kujaza ile nafasi, ndio huo unaosikia hapa Kisumu mitaa ya Dunga na Kondele kuanzia saa tano saa sita hivi, una unyevunyevu. Upepo huo unavuka uwanda wa Kano mpaka unagonga ukuta wa milima ya Nandi. Ziwa liko kama mita 1,134 juu ya bahari, mji wa Nandi Hills uko karibu mita 2,000, kwa hiyo hewa haina pa kwenda ila juu, ikipanda inapoa, unyevu unageuka wingu, na kufika saa nane au saa tisa unaona vile vichwa vyeupe vya mawingu vimesimama juu ya Nandi na Kericho kama koliflawa. Huku chini bado jua linawaka na watu wanasema leo tumepona.

Halafu kuna wanaoangalia ziwa kujua kama mvua inakuja. Mchana geuka uangalie milima. Upepo wa juu angani mara nyingi unavuma kutoka mashariki, ndio unaosukuma yale mawingu yashuke kwetu jioni, na dalili yake ni wazi ukiwa nje: ule upepo wa ziwa uliokuwa unakupiga mchana kutwa unakata ghafla, dakika chache kimya, alafu unakuja mwingine wa baridi kutoka upande wa Nandi na vumbi na makaratasi na harufu ya udongo uliolowa. Mama wa mitumba pale soko la Kibuye hangoji tone, akisikia ile baridi tu anavuta nailon juu ya nguo. Usiku mambo yanageuka, nchi inapoa kuliko ziwa, upepo unatoka nchi kavu pande zote unakutana katikati ya maji, na ngurumo zinahamia huko mpaka karibu alfajiri. Kwa hiyo mvuvi anayesema "mvua imeshapita jioni, sasa ziwa ni salama" anajiweka hatarini kweli.

Mvua ya mawe nayo, kuna watu bado wanadhani ni kitu cha Ulaya. Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazojulikana duniani kwa kupigwa na mawe mara nyingi, waulize wachuma chai walivyoona majani yamechanika yote. Kule juu milimani ile barafu ina safari fupi ya kuanguka hivyo haiyeyuki yote njiani, ikifika Kisumu mara nyingi ni matone tu makubwa.

Na mafuriko: "hapa Ahero hakujanyesha, mto hauwezi kujaa". Maji ya mto Nyando unaopita hapo yanatoka milimani, na ya mto Nzoia yanayofika Budalang'i yanatoka milima ya Elgon na Cherangani. Yanaweza kukufikia chini ya anga safi kabisa, kwa hiyo ukiona milima imefunikwa siku nzima toa ng'ombe kwenye bonde mapema.

Kwa radi ndiyo uongo umejaa. Kufunika kioo, kuvua nguo nyekundu, kuzima simu ya mkononi, hayo hayakusaidii kitu. Simu iliyochomekwa kwenye chaja ni sawa kuihofia, manake radi inapita kwenye nyaya za stima, lakini iliyo mfukoni haiiti radi. Ndala na gumboot pia hazikulindi. Kinachokulinda ni kuingia ndani ya jengo zuri au gari lililofungwa, na hata matatu inakukinga kwa sababu ya bodi ya chuma, siyo matairi. Boda shuka kabisa.

Chini ya mti usikae. Umeme ukishuka kwenye mti unasambaa ardhini, ukipanda mguu mmoja ukatoka mwingine umekwisha, na ndiyo maana ng'ombe hufa wengi kwa pigo moja: miguu ya mbele na ya nyuma iko mbali. Familia zinazozika mtoto aliyepigwa shambani Kisii au Kakamega zinaambiwa radi ilitumwa, majirani wanaanza kuangaliana vibaya. Hakuna aliyeituma. Ni ziwa, jua na mlima, kila siku, na aliyekuwa mahali pa wazi ndiye aliyepatikana.

Pia radi haingoji mvua ifike. Inaweza kupiga kilomita zaidi ya 10 kutoka kwenye wingu, kwa hiyo ukisikia ngurumo tayari uko karibu, watoto watoke uwanjani, na msirudi nje mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mwisho kuna hii ya kuogopa kumgusa aliyepigwa, ati ana stima mwilini. Hana. Mara nyingi moyo na pumzi vimesimama tu na anaweza kurudi akisaidiwa, kwa hiyo kama hapumui mlaze chali, weka mikono katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka, mara kama mia moja na zaidi kwa dakika, mwingine apige simu na kutafuta gari, na mkichoka mpokezane mpaka apumue au mfike hospitali.