Je, wajua kwa nini kwaya hushusha wimbo bila kubadilisha karatasi, lakini tarumbeta haiwezi?

"Mwalimu, shusha kidogo, huko juu hatufiki." Kwenye mazoezi ya kwaya hapa Moshi, ombi hilo hutoka benchi la sauti ya kwanza karibu kila wimbo mpya unapoanza. Mwalimu anafuta "Doh ni G" ubaoni, anaandika "Doh ni F", anatoa sauti upya, na kazi inaendelea. Karatasi ni zilezile. Wapiga tarumbeta walioalikwa kwa ajili ya Jumapili ndio wanaobaki wameduwaa.

Siri iko kwenye solfa, yaani muziki ulioandikwa kwa herufi za doh, re, mi. Herufi d, r, m, f, s, l, t hazitaji sauti fulani. Zinataja umbali kutoka d. Ukiihamisha d, zote zinahama nayo, na wimbo unabaki ule ule. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeweka msingi wa mfumo huu, na mchungaji John Curwen akauendeleza na kuueneza katika karne ya 19 ili watu wasio na ala waweze kusoma muziki. Kwangu mimi, hiyo ni zawadi kubwa.

Noti za mistari mitano zina tabia nyingine. Kila mstari una sauti yake, hivyo kushuka kutoka G hadi F ni kuhamisha kila noti semitoni mbili (semitoni ni nusu toni, hatua ndogo kabisa kwenye kinanda): G, B, D zinakuwa F, A, C. Alama ya mwanzo nayo inabadilika, kutoka shapu moja (alama ya kupandisha noti nusu toni) hadi flati moja (ya kuishusha). Mpiga kinanda cha umeme anaweza kuweka -2 kwenye kitufe cha kuhamisha ufunguo (yaani sauti ambayo ndiyo doh ya wimbo), akaendelea kupiga kama vile ni G.

Tarumbeta ya B flati ina ugumu wa ziada. Mpigaji akisoma C, inayosikika ni B flati, yaani toni nzima chini. Kwa hiyo wimbo wa G huandikiwa A, wenye shapu tatu. Wimbo wa F huandikiwa G, wenye shapu moja. Ombi la sauti ya kwanza limempunguzia mzigo, ila ni lazima apate karatasi mpya.

Karatasi hiyo utaitengeneza mwenyewe. Programu ya MuseScore ni ya bure: ingiza noti mara moja, chagua ufunguo unaoutaka, kisha uchape sehemu ya kila ala. Ukiwa na wimbo wa mwimbaji mmoja, tafuta kwanza chapa ya sauti ya chini, kwa kuwa nyimbo nyingi za namna hiyo huchapishwa kwa funguo mbili au tatu.

Ila kabla ya kuchapa, waulize besi. Mimi ni mmoja wao. G yetu ya chini ikishuka hadi F bado tunaishika. Ikifika E flati, wengi wetu tunabaki kuchezesha midomo tu.