Programu za kijasusi kwenye kompyuta ya nyumbani: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Programu ya kijasusi haina haja ya kuharibu kompyuta. Kazi yake ni kuchukua kilichomo na kukipeleka kwa mtu mwingine bila mwenyewe kujua: hunakili kila herufi inayobonyezwa kwenye kibodi, hupiga picha za kioo, hukusanya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari, hufungua kamera au maikrofoni, au huweka kumbukumbu ya kila tovuti iliyotembelewa. Kwa kuwa inachotaka ni taarifa na si mashine, ushauri mwingi tuliouzoea tangu enzi za virusi vya flashi vilivyogeuza mafolda kuwa shotikati hautoshi tena, na sehemu ya ushauri huo humfanya mtu ajione salama wakati akaunti zake zimekwisha kuingia mikononi mwa wengine.

Dhana: "Kompyuta yangu ni nyepesi, kwa hiyo haina kitu"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowachelewesha watu zaidi. Kompyuta huwa nzito kwa sababu nyingi za kawaida, kama vile diski iliyojaa, RAM ndogo, diski ya zamani ya kuzunguka, au programu nyingi zinazowaka pamoja na mashine, ilhali programu ya kijasusi iliyotengenezwa vizuri hujitahidi isionekane kabisa. Januari 2017 ilifichuliwa programu iliyoitwa FruitFly ambayo ilikuwa ikiishi kwenye kompyuta za Mac, na mwaka uliofuata mtu mmoja wa jimbo la Ohio, Marekani, alishtakiwa kwa kuitumia kupeleleza maelfu ya kompyuta kwa zaidi ya miaka 13. Hao waliopelelezwa walikuwa watu wa kawaida, shule na makampuni, na kama uzito ungekuwa dalili ya kutegemewa, mtu angekwishashtuka mapema zaidi. Mei mwaka huohuo wa 2017 watafiti wa usalama waligundua kwamba programu ya sauti iliyokuja na baadhi ya laptopu za HP ilikuwa ikiandika kila kitufe kilichobonyezwa katika faili la kawaida ambalo mtumiaji yeyote wa mashine hiyo angeweza kulisoma. Hapo palikuwa na uzembe wa watengenezaji, si mdukuzi, lakini kwa aliyeandika nenosiri lake la benki, hatari ilikuwa ileile.

Wako pia wezi wa taarifa ambao hawakai kabisa. Programu za jamii ya Lumma na RedLine huingia, hukusanya manenosiri, vidakuzi (vifaili ambavyo kwavyo tovuti hukumbuka kwamba umekwisha kuingia) na namba za kadi ndani ya muda mfupi sana, huzituma, kisha nyingine hujifuta. Mei 2025 Microsoft, kwa kushirikiana na vyombo vya sheria vya Marekani na Ulaya, iliuvuruga mtandao wa Lumma na kueleza kwamba katika miezi miwili tu, kuanzia katikati ya Machi, ilibaini kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa. Anayengoja kompyuta iwe nzito ndipo aikague hatawaona wezi wa namna hii.

Badala ya kungoja dalili, ni vema kuangalia. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha fungua sehemu inayoorodhesha programu zinazowaka pamoja na kompyuta. Soma jina moja baada ya jingine. Ukikuta jina usilolijua, lisilo na mtengenezaji, bofya upande wa kulia wa kipanya na ufungue folda lilimohifadhiwa. Faili lenye jina la herufi zilizochanganywa ovyo ndani ya folda ya AppData au Temp linastahili kuchunguzwa, ingawa zipo programu halali zinazokaa humo, hivyo mahali peke yake si ushahidi. Kisha nenda kwenye mipangilio ya faragha ya Windows, mahali pa kamera na maikrofoni, ambapo utaona ni programu zipi zilizitumia na lini. Ukikuta kamera ilitumika saa nane usiku, nawe ulikuwa umelala, hilo ni swali linalohitaji jibu. Usiitegemee taa ya kamera peke yake, kwa sababu mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba kwenye Mac za zamani kamera ingeweza kuwashwa bila taa yake kuwaka. Kipande cha karatasi juu ya kamera kinasaidia, lakini hakizuii maikrofoni wala kibodi.

Mwisho wa ukaguzi huu ni viendelezi vya kivinjari, yaani vijiprogramu vinavyoongezwa ndani yake, ambavyo watu wengi hawavihesabu kuwa programu. Kiendelezi chenye ruhusa ya kusoma data yako kwenye tovuti zote kinaweza kuona barua pepe zako unapozisoma, na kinaweza kuwa kizuri leo kikawa kibaya kesho baada ya kuuzwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa sana, ambacho Google ilikiondoa Februari 2021 baada ya kupata mmiliki mpya. Usichokitumia kifute.

Dhana: "Mambo haya huwapata wanaotembelea tovuti chafu"

Mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, zikichezwa kwenye kompyuta ya Windows, zilisakinisha kwa siri programu iliyojificha ndani kabisa ya mfumo. Walionunua CD hizo walikuwa wamelipia muziki dukani, kihalali. Mwaka 2017 toleo la CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, lilisambazwa kutoka kwenye seva za watengenezaji wenyewe likiwa limepandikizwa msimbo wa wadukuzi, na nakala zaidi ya milioni mbili zikafika kwa watumiaji. Kwa hiyo kumwambia aliyepatwa kwamba ameyataka mwenyewe si haki, tena ni hatari, maana humfanya aone aibu na kunyamaza.

Hata hivyo, kwetu Afrika Mashariki ipo njia moja iliyo wazi kuliko nyingine zote, nayo ni programu za kuamsha Windows na Office bila leseni. Mteja hununua laptopu iliyotumika, humpelekea fundi, fundi husakinisha Windows, kisha huzima antivirusi ili kiamshaji kiweze kufanya kazi, na mara nyingi haiwashi tena au huacha folda moja ikiwa imeruhusiwa isikaguliwe. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi nakala bandia za KMSPico, kiamshaji kinachojulikana sana, zilivyokuwa zikibeba Cryptbot, programu inayoiba manenosiri na pochi za sarafu za kidijitali. Siwalaumu mafundi, kwa sababu wengi wao wanafanya walichofundishwa na wateja wao hawana fedha za leseni, lakini ukweli usemwe: faili linalokutaka uzime kinga kabla ya kulifungua limekuomba ulifungulie mlango. Asiye na fedha ya leseni ya Office anaweza kutumia LibreOffice, programu ya kuandikia hati kama Office, na laptopu ya zamani huenda vizuri kwa Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, vyote bila malipo na bila kiamshaji. Anayeendelea na Windows 10 ajue kwamba masasisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Njia nyingine iliyoshamiri tangu 2024 inastahili kutajwa kwa sababu huwanasa hata waangalifu. Ukurasa hujifanya unathibitisha kwamba wewe ni binadamu, kisha hukuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukurasa wenyewe umekwisha kunakili amri kimyakimya, na kwa vitufe hivyo unaibandika na kuitekeleza kwa mkono wako. Hakuna uthibitisho wa kweli unaofanywa kwa namna hiyo.

Dhana: "Kompyuta yenyewe imeniandikia kwamba ina virusi"

Tangazo linalotokea ndani ya kivinjari, likiwa na mlio na namba ya simu ya kupiga, halijaikagua kompyuta yako. Ni ukurasa wa tovuti tu. Lifunge, na likikataa kufungika, funga kivinjari chote. Ukaguzi wa uongo haufanywi na matapeli wa mitaani pekee. Machi 2019 maduka ya Office Depot na kampuni ya Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 huko Marekani, kwa madai kwamba programu yao ya ukaguzi iliwaambia wateja kompyuta zao zina dalili za maambukizi pale tu mteja alipojibu "ndiyo" kwa mojawapo ya maswali manne aliyoulizwa mwanzoni, kisha wakauziwa matengenezo.

Wala kuweka antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja si kinga maradufu, kwa sababu hugombana na kuilemea mashine. Defender, antivirusi iliyomo ndani ya Windows, inatosha kwa nyumba nyingi ikiwa imewashwa na inasasishwa, na ukitaka jicho la pili tumia programu ya kukagua mara moja kisha uifunge. Wenye Mac nao wasijione wamo ngomeni: mbali na FruitFly, mwaka 2023 ilianza kuuzwa kwenye Telegram programu ya kuiba manenosiri ya Mac, Atomic Stealer, kwa dola 1,000 kwa mwezi.

Dhana: "Antivirusi imeifuta, basi yamekwisha"

Hapa ndipo watu wengi huumia mara ya pili. Kuifuta programu kunazuia wizi wa kesho, hakurudishi kilichochukuliwa jana. Nenosiri lililotumwa bado linafanya kazi hadi libadilishwe. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba mwizi akipata vidakuzi vya kivinjari, anaweza kuingia kwenye akaunti kama mtu ambaye tayari ameingia, bila kuulizwa nenosiri wala msimbo wa hatua mbili. Machi 2023 chaneli za YouTube za Linus Tech Tips, kampuni inayoishi kwa mambo ya kompyuta, zilitekwa kwa njia hiyo baada ya mfanyakazi kufungua faili lililojifanya ni pendekezo la udhamini.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko jina la antivirusi. Kwanza ikate kompyuta kwenye intaneti. Pili, tumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini, na uanze na barua pepe, kwa kuwa anayeishika barua pepe anaweza kuomba manenosiri mapya ya akaunti nyingine zote. Badilisha nenosiri lake, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia humo, maana hiyo ndiyo inayovifisha vidakuzi vilivyoibwa. Angalia kama namba ya simu ya kurejesha akaunti bado ni yako, na kama kuna kanuni ya kupeleka barua zako kwa anwani nyingine, kwa sababu wezi huiacha makusudi ili waendelee kusoma. Fuatisha benki, huduma za fedha, akaunti ya kodi na mitandao ya kijamii. Kubadilisha manenosiri hayo kwenye kompyuta ileile kabla ya kuisafisha ni kumpelekea mwizi manenosiri mapya.

Ndipo uirudie mashine. Katika Windows chagua ukaguzi wa nje ya mtandao wa Microsoft Defender, ambao huwasha kompyuta upya na kukagua kabla mfumo haujaamka, kazi ya takriban dakika 15. Ukaguzi wa kawaida hufanyika mfumo ukiwa umewaka, na programu iliyojificha vizuri inaweza kuudanganya.

Je, kuformati ni lazima? Kama kilichopatikana ni kiendelezi au programu ya matangazo, kukiondoa kunatosha. Kama ni programu inayompa mtu uwezo wa kuiendesha kompyuta kutoka mbali, au iliyonakili kibodi kwa muda usiojulikana, mimi huona ni heri kusakinisha Windows upya kwa flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine kutoka tovuti ya Microsoft. Lakini kuformati nako kuna mianya: mtu hurudisha mafaili yake yote pamoja na yale ya usakinishaji yaliyomwambukiza, au huingia kwenye kivinjari kwa akaunti yake na usawazishaji, unaorudisha yaliyohifadhiwa kwenye akaunti hiyo, humrudishia kiendelezi kilekile. Rudisha picha, hati na video. Programu zipakue upya.

Dhana: "Jasusi ni mtu wa mbali"

Programu za kufuatilia zinauzwa wazi kwa wazazi na waajiri, na mwenye dakika chache mbele ya kompyuta yako, akijua nenosiri lako, hahitaji udukuzi wowote. Aliyeiweka anaweza kuwa mwenzi wa ndoa, ndugu au mfanyakazi mwenzako. Mwaka 2010 ilibainika kwamba wilaya ya shule ya Lower Merion, Pennsylvania, ilikuwa imewasha kamera za laptopu ilizowapa wanafunzi walipokuwa nyumbani, na ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi.

Katika hali hii, kuifuta programu haraka si lazima iwe hatua ya kwanza. Anayeangalia ataona ghafla kwamba hapokei kitu, na kama ni mtu mwenye ukatili, hasira yake inaweza kuishia kwenye mwili wa aliyekuwa akipelelezwa. Anayehofia usalama wake atafute msaada kwa kifaa ambacho mtu huyo hajawahi kukishika, apige picha za kioo kwa kamera ya simu nyingine ili ushahidi ubaki, kisha ndipo aamue lini na wapi ataiondoa. Ushahidi huo una thamani: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2018 zote zinahesabu kuwa kosa kuingia kwenye kompyuta au kunasa mawasiliano ya mtu bila ruhusa.

Baada ya hapo, kila mtu wa nyumbani awe na akaunti yake ya Windows yenye nenosiri lake, na akaunti ya msimamizi itengwe kwa kusakinisha programu tu, isiwe ya kila siku, kwa sababu nyingi za programu hizi zinahitaji haki za msimamizi ili zijifiche ndani ya mfumo.