Mkojo Unavuja, Kumbe Kibofu Kimejaa

Mtu aliyeumia uti wa mgongo akianza kujilowesha, ndugu hufurahi kwamba mkojo umefunguka. Sisi wa kliniki ya mkojo hatufurahi upesi hivyo. Kibofu huweza kuvuja huku kimejaa pomoni. Kinachotoka ni ziada tu.

Kwa kawaida kibofu kikikaza, mlango wake hulegea, na ubongo ndio unaopatanisha kazi hizo mbili kupitia uti wa mgongo. Mawasiliano yakikatika, mara nyingi vyote viwili hukaza kwa pamoja. Shinikizo hupanda, mkojo hurudi juu, figo zinaharibika taratibu bila hata kuuma. Zamani kufeli kwa figo ndiko kulikowaua wengi waliokwisha kunusurika na jeraha lenyewe. Kwa walioumia chini kabisa ya mgongo, kibofu mara nyingi hulegea tu, hakisukumi kitu.

Mwanzoni mgonjwa huwekewa mpira wa mkojo unaobaki ndani. Hali ikitulia, na kama mikono inafanya kazi, tunapendelea ajitoe mkojo mwenyewe: anaingiza mpira kila baada ya saa 4 hadi 6, kibofu kinabaki kitupu, anauchomoa. Wengi huogopa kuingiza vijidudu. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, na wenzake walieleza kuwa usafi wa kawaida unatosha kwa kazi hii. Kinachodhuru zaidi ni kibofu kuachwa kivimbe. Kwa hiyo nawa kwa sabuni, na siku za mwanzo pima mkojo kwenye chombo chenye alama. Ukizidi mililita 500 kila mara, fupisha muda. Kukandamiza tumbo kwa ngumi, ambako bado nakuona, kunaongeza shinikizo lile lile tunalolikimbia.

Kibofu kinachokaza ovyo hutulizwa kwa dawa kama oksibutinini, ambayo hukausha mdomo na kufunga choo. Ikishindikana, ipo sindano ya botulinamu, dawa ya kulegeza misuli, kwenye ukuta wa kibofu, inayorudiwa baada ya miezi kadhaa. Asiyeweza kutumia mikono anaweza kuwekewa mpira unaopita kwenye ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, hadi kwenye kibofu.

Kuhusu antibayotiki: anayetumia mpira karibu daima atakutwa na bakteria kwenye kipimo. Asipokuwa na homa, wala kuvuja au kukakamaa misuli kuliko kawaida yake, kwa kawaida hahitaji dawa.

Dharura ni hii: kibofu kilichojaa huweza kupandisha presha ya damu ghafla. Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya 6 ya sehemu ya kifua kwenda juu, akipata ghafla maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, mketishe wima, legeza nguo, angalia kama mpira umejikunja au umeziba. Kama hana mpira, mtoe mkojo. Asipotulia, hospitali mara moja, na waambieni presha yake ya kila siku ni ya chini. Namba ya juu ya presha ikiwa 140, ambayo kwa wengine haishtui, kwake inaweza kuwa juu mno.