Pampu Husingiziwa Sana

"Fundi, pampu imekufa tena." Simu za namna hii nimepokea nyingi, na neno ninalolisikiliza ni lile la mwisho: tena. Pampu ya kwanza ikifa, huenda ilizeeka. Ya pili ikiifuata miezi michache baadaye, basi kuna kitu kinaziua.

Lori lenyewe lilikuwa tipa la mchanga, na pampu ni ile inayosukuma oili ya kuinua bodi. Asubuhi lilimwaga bila tabu. Kufika safari ya tatu au ya nne, oili ikishapata moto, bodi ilipanda kwa kusuasua na pampu ikalia kama inatafuna kokoto. Fundi aliyetangulia alikuwa amebadilisha pampu, na mwenye lori alitaka niiagize nyingine.

Mimi sianzi na pampu. PTO, kifaa cha kuchukua nguvu ya injini, imefungwa ubavuni mwa giaboksi; inachukua mzunguko kutoka kwenye gia ya ndani na kuupeleka kwenye pampu, basi. Pampu nayo inasukuma oili tu, na presha huzaliwa pale oili inapokutana na mzigo. Ukilishika hilo, ubishi mwingi unaisha. Bodi ikipanda vizuri ikiwa tupu lakini ikagoma na mzigo, tatizo ni presha. Ikipanda polepole hata ikiwa tupu, oili haifiki ya kutosha. Pampu iliyochoka kweli huonyesha dalili zote mbili, na huzidi oili ikichemka.

Kama hakuna kinachotokea kabisa, uliza kwanza: shafti inazunguka? Taa ya dashibodi isikudanganye, maana kazi yake ni kukuambia kuwa PTO imeingia, si kwamba pampu inazunguka. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye PTO huungana nayo kwa meno ya shafti, na meno hayo yakikaukiwa grisi husagika taratibu hadi yanakuwa laini. Fungua pampu utazame. Ukikuta unga mwekundu kama kutu, umeshampata mwizi. Na usifunge pampu mpya kwenye shafti iliyolika. Utairudia kazi hiyo hiyo.

Kwa PTO inayoingizwa kwa upepo, sikiliza tundu la kupumulia la giaboksi. Oringi ya pistoni ikichoka, upepo huvujia ndani ya giaboksi na kutokea hapo, wakati mwingine na oili. Watu huhangaika na sili za giaboksi wakati kosa ni mpira mmoja mdogo.

Tipa letu lilikuwa linazunguka vizuri, kwa hiyo nikahamia upande wa kunyonya, yaani njia ya oili kutoka tangini hadi kwenye pampu. Huku ndiko pampu nyingi zinakouawa, na ndiko watu wasikotazama kwa sababu hakuvuji oili nje. Oili ya kwenye tangi ikiwa na povu au rangi ya maziwa, kuna upepo au maji yameingia. Yenyewe ilikuwa safi, na kipimo kilikuwa sawa. Koki ya tangi ilikuwa wazi. (Nimeshaona pampu mpya ikiuawa mara tu ilipofungwa kwa sababu fundi alisahau kuifungua koki hiyo. Sitasema fundi gani, ila namfahamu vizuri sana.) Filta nayo haikuziba.

Ukabaki mpira wa kunyonya. Kwa nje ulikuwa mzima, mweusi, bado mgumu. Niliacha lori lifanye kazi mpaka oili ikapata moto, kisha nikaushika injini ikiwa imezimwa: umelegea kama utumbo. Tukautoa, nikaupasua kwa kisu. Tabaka la ndani lilikuwa limebanduka. Oili ikiwa ya moto, tabaka lile lililainika, likavutwa na pampu na kuziba njia. Pampu ilikuwa inanyonya utupu, na mlio wa kokoto ni viputo vinavyopasuka ndani yake na kuula chuma.

Bado sikuihukumu pampu ile ya pili kwa macho. Nilifunga mpira mpya wa kunyonya, ule wenye waya ndani, nikaweka geji kwenye njia ya presha. Tipa nyingi nilizopima zilifanya kazi kati ya baa 150 na 200, lakini namba ya kufuata ni ya mtengenezaji wa mfumo husika. Geji ikigota chini, valvu ya usalama huchunguzwa kabla ya pampu, kwani takataka ndogo ikiizuia isifunge, oili yote hurudi tangini ikiwa ya moto. Usiikaze valvu ili kuficha udhaifu wa pampu. Mipira ndiyo itakayopasuka. Na uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, si kwa kiganja. Oili yenye presha hupenya ngozi, na jeraha lake ni la hospitali siku hiyo hiyo hata kama linaonekana kitobo tu.

Geji ilipanda vizuri oili ikiwa baridi, ikashuka ilipopata moto. Kwa hiyo ndiyo, tuliagiza pampu ya tatu. Nikabadilisha oili na filta pia, maana vumbi la chuma la pampu iliyokufa hubaki likizunguka.

PTO yenyewe niliigusa mara moja tu, kwa sababu ilikuwa inavuma. Nilipima nafasi kati ya meno yake na ya gia ya giaboksi, ikawa chini ya milimita 0.15, wengi hutaka kati ya 0.15 na 0.30. Ikibana huvuma, ikilegea hugonga. Gasketi nene kidogo ilitosha. Baada ya siku chache za kazi nililirudia lori kukaza bolti upya, na mbili kati yake zilikuwa zimeanza kulegea.