Je, wajua lengelenge kwenye rangi ya gari limeanzia wapi?

Gari likizeekea Malindi, rangi yake haikosi kututumka mahali: chini ya mlango, kwenye ukingo wa madigadi, pembeni mwa kioo cha mbele. Chuma kikishika kutu hunenepa. Kutu hujaza nafasi mara mbili hata sita ya chuma kilicholiwa, ikainua rangi kutoka chini.

Maji matupu hufanya kazi hiyo taratibu. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na kutu huendeshwa na umeme mdogo ndani ya bati lenyewe. Kusi likivuma, rasharasha za mawimbi hutua hadi kwenye mikunjo ya bati isiyofikiwa na kitambaa. Unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, chumvi hujinyonyea maji yenyewe ikalowa, mvua inyeshe isinyeshe. Gari la mtumba la Japani nalo huenda lilianza kuliwa hukohuko, kwani sehemu za theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Lala chini yake utazame kabla ya kulipa.

Lakini si kila lengelenge ni kutu. Mahali lilipo hukwambia mengi kuliko ukubwa wake. Vipele vidogo vingi katikati ya boneti au paa mara nyingi ni kosa la upakaji: mafuta hayakufutwa, au kompresa ilitema maji pamoja na rangi. Uvimbe mmojammoja kwenye ukingo au mkunjo ni wa kutilia shaka, maana hapo kutu hutokea ndani, na rangi ndiyo ya mwisho kupata habari.

Toboa moja kwa sindano. Ukiona praima imara chini yake, yaani rangi ya kwanza ya kushikia chuma, tatizo ni rangi. Likitoka maji ya kahawia au unga mwekundu, ni kutu. Kisha funga sumaku kwa kitambaa laini uipitishe pale: ikishika kwa ulegevu kuliko upande wa pili wa gari, kuna puti nene, ule ujazo wa kusawazisha bati, yaani mtu alishapita hapo kabla yako. Mwisho bonyeza kwa bisibisi upande wa chini. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 au 0.8 tu, likivunjika kama biskuti, msasa hautafaa, ni kukata na kuchomelea jipya.

Mlango una siri yake. Ufungue uchungulie ukingo wa chini: kuna matundu ya kutolea maji yanayoteremka kwenye raba ya kioo. Mchanga ukiyaziba, mlango hugeuka ndoo. Yazibue kwa kijiti, si kwa msumari, usije ukakwaruza rangi. Mimina nusu lita ya maji kwenye raba. Yasipochuruzika chini mara moja, bado pameziba.

Bati likiwa zima, kwangua hadi sentimita 3 kupita lengelenge, msasa namba 80, mpaka chuma king'ae. Vishimo vyeusi vitakavyobaki vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, ioshe na kukausha kama kopo linavyoagiza. Pakaa praima ya epoksi siku hiyohiyo: chuma kitupu hapa kikilala usiku mmoja huamka na wekundu. Puti huja juu ya epoksi. Fundi wa bodi anayeipachika juu ya kutu anakuuzia lengelenge lilelile, kwani puti hufyonza maji. Ndani ya mlango puliza nta ya kuzuia kutu kwa mrija, halafu hakikisha matundu hayakuzibwa nayo.

Kuosha ni kwa maji matamu, na chini ya gari pia. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, kwa hiyo yaonje kabla hujajaza ndoo.